Hesabu Imefunga, Sharti Je?

Kwenye kisanduku mna mipira 5 myekundu na mipira 3 myeupe. Inatolewa miwili, mmoja baada ya mwingine, bila kurudishwa. Tafuta uwezekano kwamba yote miwili ni myekundu.

Hili ni zoezi nililolitunga kwa kufuata mtindo unaojulikana na kila aliyepita madarasa ya juu ya sekondari huko Masisi au Walikale, ambako swali huandikwa ubaoni kwa Kifaransa na ufafanuzi hutolewa kwa Kiswahili. Maneno yake hayafiki 30. Ningependa tulisome kama tunavyosoma shairi au hadithi fupi, neno kwa neno, kwa sababu naamini umbo lake linaamua mambo mengi kuliko hesabu inayofuata, na kwa sababu namna tunavyosahihisha majibu yake inawafundisha vijana wa Kivu Kaskazini tabia fulani ya kusoma namba.

Tuanze na kitenzi. "Inatolewa." Hakuna mtoaji. Hatuambiwi ni nani anayeingiza mkono, kama ameangalia, kama ana haraka, kama mipira ilichanganywa. Wakati nao haupo: si jana wala leo. Mahali ni kisanduku, na kisanduku hakina ukuta unaovuja. Jambo moja tu limesemwa kwa uhakika kamili, tena mapema, kabla ya kitu chochote kutokea: idadi. Mitano na mitatu, jumla minane. Mtunzi wa zoezi ameshahesabu kila kitu kwa niaba yetu, na kutoka hapo ulimwengu mzima wa swali una wakazi wanane wasiozaliwa wala kufa wala kuhama. Uwezekano kama alivyoufafanua Laplace mwanzoni mwa karne ya 19, yaani hali zinazofaa zikigawanywa kwa hali zote zinazowezekana, unahitaji ulimwengu wa namna hiyo. Unahitaji pia kwamba kila mkazi awe na nafasi sawa na mwenzake, jambo ambalo zoezi letu halilisemi hata kidogo. Linalidhania tu, na msomaji analidhania pamoja nalo.

Kisha yanakuja maneno mawili yanayobeba zoezi zima: "bila kurudishwa". Yaondoe, na swali linakuwa jingine.

Sasa tushike madaftari. Mwanafunzi wa kwanza ameandika 5/8 × 4/7, akapata 20/56, akarahisisha kuwa 5/14. Wa pili amehesabu jozi: jozi 10 za mipira myekundu katika jozi zote 28, akafika palepale, 5/14. Wa tatu ameandika 5/8 × 5/8, yaani 25/64. Karatasi ya majibu ya prof, yaani mwalimu wao, ina 5/14 peke yake. Wawili wanapewa alama, wa tatu anachorwa mstari mwekundu, na somo linaendelea.

Walimu wengi wazuri hufundisha njia ya kujikagua kabla ya kutoa daftari: jumlisha uwezekano wa matokeo yote, uone kama unapata 1. Ni kanuni halali, na tangu mwanahisabati Kolmogorov alipoandika misingi ya uwezekano mwaka 1933 imekuwa moja ya nguzo tatu za fani nzima. Tuitumie. Kwa mwanafunzi wa kwanza, myekundu miwili ni 20/56, mmoja mwekundu na mmoja mweupe ni 30/56, myeupe miwili ni 6/56. Jumla 56/56. Hesabu imefunga. Tumtendee haki wa tatu pia: 25/64, kisha 30/64, kisha 9/64. Jumla 64/64. Nayo imefunga.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Jibu lililokosewa limepita ukaguzi uleule, bila mkwaruzo. Njia ya jumla-moja hukamata makosa ya kuzidisha na kujumlisha, hukamata pia tokeo lililosahaulika, lakini haiwezi kukamata kosa la kusoma. Mwanafunzi wa tatu hakukosea hesabu yoyote. Amejibu vizuri kabisa zoezi la mipira inayorudishwa. Kinachomtenganisha na wenzake ni maneno mawili katikati ya swali, na maneno hayo hayaonekani popote katika 25/64 wala katika 5/14. Kwa hiyo mstari mwekundu unamwambia kwamba amekosea bila kumwambia alipokosea, na wenzake wanaambiwa wamepatia bila mtu kujua kama walisoma sharti au waliiga mfano wa wiki iliyopita. Ukaguzi wa kweli una ngazi mbili, hesabu na sharti, na karatasi ya majibu tuliyoizoea inajua ngazi ya kwanza tu.

Mtihani wa taifa, Exetat, umelijenga pengo hilo ndani ya umbo lake. Kila swali la kuchagua lina majibu 5 na mtahiniwa anachagua moja. Mtunzi hodari wa mtihani hatupi majibu manne ya uongo ovyo, huyatengeneza kutokana na makosa anayoyategemea. Katika swali letu 25/64 ingekuwepo lazima, imekaa ikimsubiri asiyesoma "bila kurudishwa". Ingekuwepo 5/8, ya aliyehesabu mpira mmoja akaridhika. Na 3/28, ya aliyetafuta myeupe. Anayesoma majibu yasiyo sahihi kwa makini anajifunza mengi kuliko anayetafuta lililo sahihi, kwa kuwa kila moja limehifadhi njia iliyopotea. Hilo ni zuri katika umbo hili na nalisifu. Ila mtahiniwa akishaweka alama yake, hakuna nafasi kwenye karatasi ya kuandika kwa nini.

Umbo hilohilo linatupa zoezi jingine. Chukua maswali 10 ya majibu matano-matano, na mtahiniwa asiyejua chochote anayekisia kila moja. Uwezekano wa kupata angalau 5, yaani nusu, ni takriban 0.033. Watu watatu katika mia. Kidogo, utasema. Sasa weka chumbani watahiniwa 60 wote wanaokisia. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao atafikisha nusu ni 1 − 0.967 ikizidishwa kwa yenyewe mara 60, na hiyo ni karibu 0.86. Katika chumba kisicho na ujuzi wowote, yaelekea sana yupo atakayetoka amefaulu. Hesabu ni sahihi, nimeikagua kwa kujumlisha 0.0264, 0.0055, 0.0008 na masalio madogo yanayofuata. Lakini imesimama juu ya sharti ambalo sikulitamka hadi sasa: kwamba kila mtu anakisia peke yake. Karatasi moja ya majibu ikizunguka chumbani, au simu moja, watahiniwa 60 wanageuka kuwa mtahiniwa mmoja aliyenakiliwa mara 60. Hapo 0.86 haina maana tena. Wote watafaulu au wote wataanguka.

Neno la kitaalamu la sharti hilo ni matukio huru, na ndilo neno linaloharibu mazoezi mengi yanayojitahidi kuwa ya nyumbani. Nawaheshimu walimu wanaotoa mipira kisandukuni na kuweka mahali pake viazi, vibuyu vya maziwa, jibini ya Masisi, pikipiki. Wanataka mtoto ajione ndani ya swali. Ila mara nyingi wanabadilisha nomino na kuiacha sarufi ya kisanduku kama ilivyokuwa. Tazama hili, ambalo nimelitunga kwa mtindo huo:

Mwendesha pikipiki hupita kila siku barabara ya Sake kwenda Masisi-Centre. Uwezekano wa kupita bila kuzuiwa kwa siku ni 0.9. Tafuta uwezekano wa kupita siku 5 mfululizo bila kuzuiwa.

Jibu linalotarajiwa ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, yaani takriban 0.59. Kila mwanafunzi wa Mushaki au Matanda anajua kwamba kuna kitu hakikusemwa. Kizuizi cha barabarani hakirushwi upya kila asubuhi kama sarafu. Kikishawekwa Jumatatu, huwa kipo Jumanne, na wanaokisimamia wanaikumbuka sura ya aliyelipa na ya aliyekataa. Tukichukulia upande wa pili kabisa, kwamba hali ya Jumatatu ndiyo hali ya wiki nzima, basi siku tano ni tukio moja tu na jibu ni 0.9. Baina ya 0.59 na 0.9 kuna nafasi kubwa, na ukweli wa barabara ile umekaa humo ndani. Zoezi limetaja jina la barabara bila kuiruhusu barabara iseme lolote.

Vizuizi vyenyewe vimewahi kuhesabiwa. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Antwerp, ikishirikiana na watafiti wa Kongo wa shirika la ASSODIP, ilichapisha ramani ya vizuizi 798 katika Kivu zote mbili: 312 Kivu Kaskazini na 486 Kivu Kusini. Jumlisha, inafunga. Ningefurahi kuona zoezi linaloanza na namba hizo, kwa sababu lingemlazimisha mwanafunzi kuuliza maswali ambayo kisanduku hakiyaulizi. Kizuizi kilichoonekana siku ya kupita watafiti kilikuwepo kwa muda gani? Kile kinachowekwa siku ya soko tu kinahesabiwa kama kimoja au kama sehemu ya kimoja? Na njia ambayo mtafiti hakuweza kuipita iko wapi katika 798? Tangu hapo hali imegeuka zaidi ya mara moja. Rubaya, yenye machimbo ya koltani, iliingia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 30 Aprili 2024. Walikale-Centre ilitekwa Machi 2025, kisha waasi wakaondoka mwezi uliofuata. Namba ya 2017 ni picha ya mwaka 2017, na 0.9 ya zoezi letu haina tarehe kabisa.

Kuna neno katika mazoezi haya ambalo wanafunzi wanalipenda, na nimelitumia mara mbili hapo juu: "angalau". Wakiliona wanajua la kufanya. Angalau mmoja ni 1 kutoa uwezekano wa hakuna hata mmoja. Ni hila safi na inafanya kazi kwa sababu kisanduku kimefungwa: kile usichokijua ni salio la kile unachokijua.

Sasa neno hilohilo likitoka darasani. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, makundi yenye silaha yalivamia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi, wilayani Walikale, Luvungi ikiwa miongoni mwake. Ripoti ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Julai 2011 ilisema watu wasiopungua 387 walibakwa: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23, wavulana 9. Naomba msomaji ajumlishe mwenyewe, kwa sababu hiyo ni heshima ndogo ambayo namba za namna hii zinastahili na mara nyingi hazipati. 300 na 55 ni 355, na 23 ni 378, na 9 ni 387. Imefunga. Kila moja ya hizo 387 ni mtu aliyepatikana na kusikilizwa au kuthibitishwa. Huku ni kuhesabu, si kukadiria.

Lakini mbele ya namba imesimama "wasiopungua", yaani angalau, na hapa hila ya darasani haipo. Hakuna 1 ya kutolea. Hatujui jumla ya watu waliokuwa vijijini siku hizo nne, wangapi walikimbilia msituni na hawakurudi, wangapi walichagua kunyamaza. Darasani "angalau" hufunga swali. Katika ripoti ya Walikale imeacha mlango wazi kwa makusudi, na ni uaminifu wa waandishi wake kwamba waliuacha hivyo. Anayeirudia habari anaweza kuchukua 387 na kuliacha neno. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba jibu ni namba iliyopigiwa mstari chini angefanya vilevile.

Mfano mkubwa kuliko yote, ule ambao ningependa ufundishwe kuanzia Goma hadi Pinga, ni wa vifo vya vita. Shirika la kimataifa la misaada la IRC lilifanya mfululizo wa uchunguzi wa kaya kuanzia mwaka 2000, na ripoti yake ya Januari 2008 ndiyo iliyotoa namba inayotajwa hadi leo: milioni 5.4 kuanzia Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Mimi nitaushika uchunguzi wa kabla yake, uliochapishwa katika jarida la Lancet Januari 2006, kwa sababu umeandikwa wazi kiasi kwamba mwanafunzi wa takwimu anaweza kuukagua kwa kalamu. Kaya 19,500 ziliulizwa mwaka 2004 nchi nzima. Kiwango cha vifo kilichopatikana: 2.1 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Kiwango cha kulinganishia, ambacho ni wastani wa Afrika kusini mwa Sahara: 1.5. Matokeo: vifo vya ziada takriban 38,000 kila mwezi, na takriban 600,000 katika miezi 16 iliyochunguzwa.

Tukague. 2.1 kutoa 1.5 ni 0.6 kwa kila 1,000. Gawanya 38,000 kwa 0.0006, unapata watu milioni 63 na ushee, ambayo ni idadi ya Wakongo iliyokuwa ikikadiriwa wakati huo. Zidisha 38,000 kwa 16, unapata 608,000. Kila kitu kimekaa mahali pake. Kwa karatasi ya majibu ya kawaida tungeweka alama na kufunga daftari.

Sasa ngazi ya pili. Mwaka 2010 watafiti wa Human Security Report Project, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, walihoji namba moja katika maelezo yale: 1.5. Walisema Kongo kabla ya vita haikuwa nchi ya wastani, hali yake ilikuwa tayari mbaya kuliko wastani huo, kwa hiyo kiwango cha kulinganishia kinachofaa ni kama 2.0. Weka 2.0 mahali pa 1.5 katika hesabu ileile ya 2004. 2.1 kutoa 2.0 ni 0.1. Mara milioni 63 na ushee, vifo vya ziada vinakuwa takriban 6,300 kwa mwezi badala ya 38,000. Namba imepungua mara sita, na hakuna kaya hata moja kati ya 19,500 iliyobadilisha jibu lake. Hakuna mzazi wa Masisi aliyefuta mtoto aliyemtaja. 2.1 ni ileile. Kilichosogezwa ni sentensi iliyokuwa juu ya zoezi, ile inayosema tunalinganisha na nini.

Simwambii msomaji kwamba 1.5 ilikuwa uongo au kwamba 2.0 ni ukweli. Nchi ambayo sensa yake ya mwisho ni ya mwaka 1984 haina kisanduku kilichohesabiwa tayari, na kila anayeiandikia zoezi lazima achague idadi ya mipira kwa hoja. Pande zote mbili zilitoa hoja zao hadharani, na huo ndio usomaji ninaousema. Uchunguzi wenyewe ulionyesha jambo ambalo halitegemei 1.5 wala 2.0: wengi wa waliokufa waliuawa na magonjwa yanayozuilika na kutibika, si na risasi. Kwa mkazi wa Walikale, ambaye kituo cha afya kinaweza kuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu, sentensi hiyo ina uzito kuliko mamilioni ya kichwa cha habari. Lakini yenyewe haipigiwi mstari chini, hivyo haionekani kama jibu.

Naona ugumu wa ninachokiomba. Prof mwenye madaftari 60 ya kusahihisha kabla ya giza, pengine bila mshahara wa mwezi uliopita, hawezi kusoma insha 10 katika kila daftari. Basi na atoe mazoezi mawili badala ya 10. Zoezi la pikipiki libaki na 0.9 yake, ila nusu ya alama iende kwa mwanafunzi anayeandika chini ya hesabu: "0.59 ikiwa kila siku ni huru na nyingine, hadi 0.9 ikiwa kizuizi hukaa wiki nzima. Na mimi nachukua iliyo karibu na 0.9, kwa sababu kizuizi cha kijijini kwetu hakijawahi kuondoka ndani ya wiki." Kwa mstari huo wa mwisho prof atajua kama swali limesomwa, na karatasi yake ya majibu italazimika kuwa na zaidi ya namba moja.